Jina Lililotajwa Sokoni

Kila Jumamosi Kaluki alimsaidia mamake kukata sukuma wiki katika soko la Kangemi. Kazi yenyewe aliipenda, hasa kwa sababu ya porojo za wateja. Na porojo sokoni hapo haziishi!

Asubuhi moja akaja Madam Waringa, afisa wa probesheni anayeikusanyia mahakama maoni ya watu. Nzau, muuza maziwa, alikuwa amepatikana na hatia ya kumdhulumu kingono msichana mdogo. Kabla ya kutoa hukumu, hakimu alitaka kujua wakazi wanasemaje. Jina la mtoto lilikuwa limefichwa, kama sheria inavyotaka.

“Afungwe maisha!” akafoka mamake Kaluki.

“Wee! Jela haitoshi, tuachieni sisi!” akadakia muuza ndizi.

Mzee Kihara, mwenye nyumba za kupangisha, akatikisa kichwa. “Jamani, Nzau ni mtu wa kanisa. Mwonyeni tu. Mtoto ni mtoto, atasahau.”

Damu ilimchemka Kaluki. “Hatasahau!” akapaza sauti. “Stellah hulia kila siku darasani!”

Wateja wote wakageuka kumtazama. Stellah alikuwa rafiki yake wa dawati moja. Baada ya kuwaeleza mamake na polisi, siri hiyo alimwambia Kaluki peke yake. Lo! Maji yakimwagika hayazoleki. Kufikia jioni, watu walikuwa wakiunyooshea vidole mlango wa akina Stellah.

Kaluki alikwenda kuomba msamaha. Stellah alifungua mlango nusu tu.

“Nilikuwa nakutetea,” Kaluki akasema huku akilia.

“Najua. Lakini sasa kila mtu ananiangalia.”

Juma lililofuata, Munyiva, mamake Stellah, alimhamishia bintiye kwa shangazi yake katika mtaa wa Kabiria, akambadilishia na shule. Nzau alihukumiwa kifungo kirefu. Sokoni watu walipiga vigelegele, lakini Kaluki alikata mboga bila kuinua uso.

“Mama, si amefungwa? Mbona bado naumia?”

Mamake akaweka kisu chini. “Ulisema kweli, mwanangu, na Mzee Kihara alikosea. Ungeninong’oneza mimi ningekushukuru, maana dhuluma haifichwi kwa mtu mzima anayeweza kusaidia. Lakini jina la aliyeumizwa si letu kulitangaza. Sote tulipigania miaka ya kifungo cha Nzau tukamsahau mtoto, hata mimi niliyepiga kelele.”

“Naweza kwenda kumwona?”

“Subiri akuite.”

“Na asiponiita?”

“Basi hiyo nayo ni haki yake.”