Mpaka Kompyuta Iwashwe Upya

JUMATANO, SAA 10:15 ALASIRI

Chumba kilikuwa nyuma ya mashine ya kusaga, Lyamkena. Hilari alikipenda kwa sababu mashine ilinguruma mchana kutwa, na mtu aliyesimama mlangoni asingeambulia neno. Unga ulikuwa umetanda juu ya meza. Hilari akachora humo kwa kidole. Mstari mrefu, barabara ya Njombe. Kisanduku mwisho wa mstari, ghala. Kisanduku kingine huku mwanzo, nyumba ya Nasiri, Makambako.

"Mifuko mia mbili ya mbolea ya kupandia," alisema. "Mvua imeshaanza. Tukiiteremsha Ludewa kesho jioni, keshokutwa imo shambani. Nani ataifukua?"

Danford akacheka. Alikuwa na miaka ishirini na sita na leseni ya gari kubwa, na hakuwa na gari. Dada yake Eveline hakucheka.

Hilari alilitunza ghala lile kwa miaka kumi na minane lilipokuwa la shirika. Eveline naye alikuwa mhazili palepale, na diploma yake ikining'inia ukutani kwenye fremu. Shirika likauzwa. Waliitwa mmoja mmoja ofisini, wakapewa barua na mkono wa kwaheri. Nasiri, tajiri wa malori, akanunua ghala pamoja na makufuli yake. Hilari hakulisahau hilo hata siku moja. Alipotaja ghala alisema "langu."

"Sema wewe, mwalimu," alimwambia Eveline. "Huyu mdogo wako aelewe."

Eveline akaeleza kama anavyofundisha, bila kupamba. Nasiri ana kompyuta nyumbani, sebuleni. Kila asubuhi anaandika humo orodha ya magari yanayoruhusiwa kupakia, anaifunga isibadilishwe kwa neno la siri analolijua yeye tu, anaondoka. Gari likifika ghalani Njombe, mtunza ghala Laurenti anapiga simu nyumbani. Mke wa Nasiri, Zamda, ambaye Eveline anamfundisha kompyuta, anasoma kwenye kioo. Ipo, geti linafunguliwa. Haipo, linabaki limefungwa.

"Na sisi tunaingiaje?" Danford aliuliza.

Hilari akaweka disketi mezani. Ilitoka Mbeya, kwa fundi mmoja aitwaye Anyisile. "Hii inaongeza mstari mmoja chini ya orodha. TZK 6140. Gari utakaloendesha."

"Ila kompyuta ina antivairasi," Eveline alisema. "Askari wa ndani. Nimeijaribu wiki iliyopita, ikaitemea mbali palepale. Lazima niizime kwanza."

"Izime, basi."

"Inazimwa kwa muda. Inakuuliza: dakika kumi na tano, saa moja, au mpaka kompyuta iwashwe upya."

"Hiyo ya mwisho," Hilari alisema. "Saa moja inaweza kukwisha Laurenti bado anatafuna ugali. Itazimwaje kompyuta katikati ya kazi? Zamda anaikalia kama kuku anayeatamia."

Eveline alifikiri. Nasiri hatakuwepo, atakuwa Mafinga. Watoto shuleni. Umeme haukatiki Alhamisi. Akakubali, kisha akaweka sharti lake.

"Wewe unakaa kabini na Danford. Unalijua ghala lile, unaujua mlango wa nyuma. Likiharibika jambo, unamtoa. Mama yangu ana mtoto wa kiume mmoja tu."

"Nitakaa kabini," Hilari alisema.

Danford alimpiga dada yake begani. "Dada, mimi si mtoto. Nikirudi nakununulia kompyuta yako mwenyewe, uache kufundisha wake za watu."

"Rudi kwanza," Eveline alisema.

Hilari akafuta meza kwa kiganja.

ALHAMISI, SAA 6:50 MCHANA

Kompyuta ya Zamda ilikuwa na kitambaa chake cha kufuma, cheupe chenye pindo la zambarau, na mto wake maalumu kwenye kiti. Zamda alitoka Tanga alipoolewa. Alikuwa na sauti nene na vicheko vya ghafla, na alijifunza kwa pupa. Mwezi wa kwanza alikiogopa kipanya kama panya wa kweli. Sasa alikuwa akimsahihisha mumewe.

"Mwalimu, leo nilimkuta Baba Shamimu amefunga faili bila kuhifadhi. Nikamwambia, ungekuwa mwanafunzi wa Eveline ungechapwa."

"Akasemaje?"

"Akasema ada analipa yeye, halafu kuchapwa achapwe yeye."

Walicheka wote wawili. Eveline aliona haya kwamba kicheko kilikuwa cha kweli.

Adhana ya adhuhuri ikasikika. Zamda akainuka. "Nakwenda kuswali. Birika liko mezani, ujimiminie."

SAA 7:04 MCHANA

Mlango wa chumbani ulifungwa. Eveline akasogeza kipanya hadi pembeni ya kioo, penye picha ndogo ya ngao karibu na saa. Akabonyeza. Machaguo matatu yakaja, yaleyale. Akachagua la tatu. Ngao ikapigwa mstari mwekundu.

Akaingiza disketi. Mashine ikakoroma kidogo. Akafungua orodha. Magari manne aliyoandika Nasiri asubuhi, na la tano chini yake.

TZK 6140.

Alitoa disketi, akaitia ndani ya soksi.  Utulivu wake ulimshangaza, kisha ukamuudhi.

SAA 7:20 MCHANA

Mlangoni pa chumba alimwomba Zamda simu ya mezani ampelekee mama yake ujumbe kupitia jirani, akapiga ya Hilari. Hilari alikuwa na simu ya mkononi, aliivaa kiunoni kama bastola. Eveline alitarajia isipatikane. Wakati ule wangekuwa barabarani, kwenye mabonde ambako hakuna mtandao. Ikaita mara mbili tu.

"Uko wapi?"

"Makambako. Stendi." Nyuma yake makondakta walikuwa wakiita abiria wa Songea.

"Danford yuko na nani?"

"Na usukani wake. Mtu mmoja kabini anatosha. Laurenti ananijua sura, mwalimu. Ningeharibu kazi."

"Jana ulikuwa hujui kwamba anakujua?"

Simu ikakatika. Zamda akatoka chumbani akijifunga ushungi vizuri. "Mama hajambo?"

"Hajambo."

SAA 7:50 MCHANA

Wingu lilipanda kutoka upande wa Mahongole, jeusi kama masizi ya sufuria. Radi ya kwanza ilikuwa mbali. Ya pili ilitikisa vikombe kabatini.

Zamda aliruka kitini. Akashika waya wa kompyuta ukutani, akauchomoa. Kioo kikafa. Akaenda kwenye kioo cha kujitazamia, akakitupia kanga. Akarudi, akaifunika kompyuta, akaketi chini mkekani, mikono magotini.

Eveline alikuwa amenyanyua mkono kumzuia. Mkono ukabaki hewani.

"Mbona unanitazama hivyo, mwalimu? Si wewe uliyenifundisha?"

Ndiyo. Ukurasa wa kwanza wa daftari la Zamda, somo la kwanza, kwa mwandiko wa Eveline: *1. Radi ikinguruma, chomoa waya.* Kwao Mahongole mtoto hujua hilo kabla hajajua kuhesabu: funika kioo, zima redio, kaa kimya mpaka mvua ipite. Aliwafundisha wanafunzi wake wote. Hata mezani kwa Hilari hakulikumbuka, kwa sababu hakuna anayekumbuka kwamba anapumua.

"Umefanya vizuri," Eveline alisema.

Wakakaa kimya mvua ikipiga bati. Dakika arobaini. Eveline alikuwa akiliona Fuso linapanda kuelekea Njombe, na Danford ndani yake akipiga mluzi.

SAA 8:32 MCHANA

"Imepita," Zamda alisema.

"Tungoje kidogo, Mama Shamimu. Umeme baada ya radi si wa kuamini."

"Laurenti anafungua geti sasa hivi, baada ya chakula. Atapiga."

Akachomeka. Mashine ikaamka polepole, ikasaga, ikalia. Eveline alitazama pembeni mwa kioo. Ngao ilirudi nzima, bila mstari. Zamda akafungua orodha. Kabla haijatulia, dirisha jekundu likaifunika yote, katikati, kubwa kama bango.

"Mwalimu, hiki nini? Kinasema kimekamata kitu."

"Kirusi. Vinaingia tu."

"Kimekamata na kufuta. Mashallah." Zamda aliguswa hasa. "Kumbe kinafanya kazi kweli."

Ilikuwa imefuta kirusi na mstari wake wa tano, kama kuku anavyodonoa kumbikumbi baada ya mvua bila kuinua shingo. Disketi ilikuwa inamkwaruza Eveline kifundoni. Kuirudia kulitaka dakika kumi, na chumba kitupu, na Zamda mwingine.

Simu ikalia.

SAA 8:41 MCHANA

"Kamwene, mama," ilikuwa sauti ya Laurenti, akisalimia kwa Kibena. Zamda aliiweka simu sikioni, akapapasa kipanya, akakunja uso. "Ngoja, Laurenti. Chekundu hiki kimeniziba." Akamnyooshea Eveline mkono wa simu. "Msomee wewe, mwalimu. Nikikifunga vibaya naweza kuharibu."

Eveline akaichukua. Akafunga dirisha jekundu. Orodha ikabaki. Magari manne. Zamda alisimama nyuma yake, kidevu karibu na bega lake, midomo ikisoma kimyakimya. Mwanafunzi mzuri. Asingeruka hata mstari mmoja.

"Nani mwenzangu?" Laurenti aliuliza.

"Mwalimu wa kompyuta."

"Haya, mwalimu. Nina gari hapa, Fuso. TZK sita moja nne sifuri. Lipo?"

Aliweza kusema lipo. Geti lingefunguka, na Zamda angesema mbona silioni. Kisha daftari, disketi, soksi. Wangewakamata wote wawili, yeye hapa na Danford kule, na mama yao angebaki na nyumba tupu. Hivyo ndivyo alivyojieleza. Baadaye alijua kwamba alikuwa amejieleza baada ya kusema, si kabla.

"Halipo."

Kwa mbali, ndani ya simu, akasikia sauti aliyoilea tangu ikiwa ya kitoto. "Mwambie aangalie tena. Chini kabisa. La tano."

"Dereva anasema uangalie chini," Laurenti alisema. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Amejuaje kuwa ni la tano?"

Zamda alikuwa akitikisa kichwa begani kwake.

"Nimeangalia," Eveline alisema. "Yapo manne tu. Halipo."

 Danford hakuongea tena. Alikuwa ameitambua sauti ya dada yake.

Kisha mnyororo wa geti, ukikokotwa.

SAA 11:10 JIONI

Hilari alikuwa bado stendi, begi miguuni, tiketi ya Songea mfukoni mwa shati.

"Wamemshika," Eveline alisema, akamsimulia yote, na simu ile. "Polisi wamempeleka kituoni Njombe. Ulisema utakaa kabini."

"Mdogo wako ana moyo. Hatasema."

"Ulisema utakaa kabini, Hilari."

Akamtazama kwa utulivu wa mtu aliyehesabu mifuko ya wengine miaka kumi na minane. "Na simu ilishikwa na nani?"

 Basi likapiga honi. Hilari akapanda, akakaa dirishani upande wa pili, asitazamwe.

JUMAMOSI, SAA 4:00 ASUBUHI

Danford hakusema. Siku mbili waliuliza nani alimtuma, siku mbili alijibu kwamba alijituma. Hakutaja dada. Hakutaja hata kwamba ana dada.

Nasiri alirudi kutoka Mafinga, akasikia habari yote, akafurahi. Zamda mwenyewe ndiye aliyeleta zawadi mpaka kwenye gari. "Baba Shamimu anasema bila macho yako tungeibiwa. Na Jumatatu unifundishe ile ngao inavyozimwa, nisije nikaizima bila kujua."

Dereva wa Nasiri alimshusha Eveline Mahongole, kwenye nyumba ya bati yenye mipera. Mama yake alitoka shambani, jembe begani, udongo mwekundu hadi magotini. Hakuwa amepata habari. Eveline alikuja kumpa, na alikuwa amepanga maneno njia nzima.

Mama aliuona mfuko ukiteremshwa. Akaupapasa kwa viganja vyote viwili, akanusa vidole vyake. Mbolea ya kupandia, kilo hamsini, uzi wa mdomo haujafunguliwa.

"Nimeitafuta mwezi mzima," alisema. "Danford ndiye ameipata?"

"Hapana, mama," Eveline alisema. "Ni mimi. Nimeifanyia kazi."