Mota ya Paneli za Bibi

Kila asubuhi ya likizo Kidomo alitoka uani kabla hajanawa uso, akashika mpini wa chuma na kuzigeuza paneli za sola zitazame mashariki. Adhuhuri alizilaza zitazame juu. Alasiri alizigeuzia magharibi. Mfungwa wa kawaida hulindwa na askari. Kidomo alilindwa na jua lenyewe, nalo halisinzii wala halipokei rushwa.

Alijifunga kwa mdomo wake. Fundi wa sola alipokuja, aliieleza familia juu ya fremu mbili za kushikilia paneli. "Hii haigeuki. Huvuna kidogo, kwa hiyo mtaongeza paneli moja. Hii nyingine hufuata jua, ila mota yake ni ghali. Bila mota, lazima awepo mtu wa kuigeuza."

"Mota ya nini na mimi nipo?" Kidomo akadakia. "Tena mimi siingii kutu."

Baba akacheka, akachagua ya kugeuka. Lakini jambo lenyewe halikuwa mzaha. Umeme huo, ambao usiku ulitoka kwenye betri, ndio ulioendesha jokofu dogo lenye dawa ya sindano ya bibi, ambaye alikuwa na kisukari.

Haikupita wiki, wenzake wakaanza kumwita kutoka kiwanja cha netiboli. "Wewe Mota, unakuja au umeungua?"

Akili ya mfungwa hunolewa na ukuta. Kidomo alikumbuka kwamba baba na mama hurudi jioni, na macho ya bibi hayafiki uani. Paneli zikitazama magharibi tangu asubuhi, jioni zitakutwa pale pale zinapotakiwa kuwa. Akazigeuza, akaenda zake kucheza.

Siku chache baadaye, alfajiri, jokofu lilikuwa kimya na maji yakichuruzika sakafuni. Mama alizifunga chupa za dawa kwenye kitambaa, akazikimbiza kwa jirani.

"Fundi ametuuzia betri mbovu," baba alisema. "Maana huyu binti yangu hajakosa kazi hata siku moja."

Sifa ile ilimchoma Kidomo kuliko fimbo. Akisema, ataaibika. Akinyamaza, atazidi kusifiwa, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Fundi alikuja siku hiyo hiyo. Baba hakumkaribisha hata kiti.

"Chukua betri yako. Na mtaa mzima utanisikia."

"Mzee, betri hii ni mpya," fundi alisema taratibu. "Ukinitangaza mwizi, nani atanipa kazi tena? Wanangu watakula nini?"

Kidomo alikuwa amejibanza kati ya mlango na kabati. Bibi akamgeukia. "Mjukuu wangu, leo umemeza ulimi?"

"Baba," Kidomo akasema, "betri ni nzima. Mbovu ni mota. Nimekuwa nikiziacha paneli zinatazama magharibi tangu asubuhi, ili ukirudi udhani nimezigeuza. Mimi nilikuwa uwanjani."

Baba akamvutia fundi kiti. "Nisamehe, ndugu yangu. Nimekuvunjia heshima bure. Na kosa jingine ni langu: nilimfunga mtoto kwenye jua nikafikiri nimebana matumizi. Tuwekee ile isiyogeuka, na hiyo paneli ya kuongeza."

Fundi alirudi na paneli. Kidomo alishika spana wakati fremu ikikazwa kwa nati, paneli zote zikiinamia upande mmoja kama wanafunzi waliosimamishwa mstarini. Kisha akatumwa kwa jirani kuchukua dawa, akazibeba chupa kwa mikono miwili bila kutazama kiwanja.

Bibi alizipokea, akamketisha kando yake.

"Kuchoka si dhambi, mjukuu wangu," alisema. "Mzigo ukikushinda, uite watu wakusaidie. Usiutupe njiani, ukaja kutuambia umefika."