Gitaa la Kwaya na Kikaango cha Masudi

Kila Jumamosi Mageni aliamka mapema, akateka maji, akafagia uwanja na kumwogesha mdogo wake Loveness, mwenye miaka minne. Mama yao alijifunga kanga na kwenda kuuza dagaa katika soko la Katoro. Baada ya hapo siku ilikuwa ya Mageni, au tuseme karibu iwe yake, maana Loveness alimfuata kila alikokwenda.

Jumamosi hiyo kulikuwa na kazi. Gitaa la zamani la kwaya lilikuwa limeanguka kutoka kwenye bodaboda likapasuka vibaya, na wanakwaya wakampa mjomba wa Mageni, fundi seremala Onesmo. Wengine waliona gitaa bovu. Mjomba aliona mbao.

"Mbao hii imekauka miaka mingi, haipindi tena," alimwambia Mageni. "Tukiibandua vizuri, utatengeneza kisanduku cha kupeleka kwenye maonyesho ya shule Jumatatu."

Alimwonyesha namna ya kufanya. Unachovya kitambaa kwenye maji ya moto, unakikandamiza pale mbao zilipoungana, unasubiri gundi ilainike. Kisha unapenyeza kisu chembamba, kidogo kidogo.

"Ukisikia mbao inalia, acha, rudia kitambaa," alisema Mjomba. Halafu akapanda pikipiki kwenda Ushirombo kufunga milango ya mteja.

Mvua ilianza saa nne. Mageni aliingiza gitaa na jiko la mkaa ndani, akafunga mlango na dirisha ili mbao zisilowe. Aliweka kitambaa, akasubiri, akapenyeza kisu. Saa nzima ilipita, na ubao wa mbele ulikuwa umeachia upana wa kiganja tu. Mageni alikuwa mtoto mwenye bidii, hilo halina ubishi, lakini kusubiri kulimshinda tangu azaliwe.

Akafikiri: kwa nini nisipashe kisu chenyewe? Alikiweka juu ya mkaa, kikatoka na masizi, kikachafua mbao. Alihitaji chombo cha kukipashia. Sufuria za mama hakuthubutu kuzigusa. Ndipo akakumbuka kikaango cha jirani yao, Masudi, kilichotundikwa nyuma ya nyumba yake.

Masudi alikuwa mchimbaji mdogo, na kikaango hicho alikitumia kuchomea dhahabu. Watoto wa Katoro wanaijua kazi hiyo. Dhahabu hukusanywa kwa zebaki, kisha huwekwa motoni hadi zebaki iondoke kama moshi na dhahabu ibaki. Masudi mwenyewe alizoea kusema kwamba kikaango chake ni safi, moto umeshamaliza kila kitu. Mageni aliamini. Masudi alikuwa machimboni, kwa hiyo alikichukua bila kuomba.

Kazi ilikwenda haraka. Kisu kilipata moto, gundi ikaachia, na ubao wa mbele ukabanduka mzima. Mageni alifurahi mno. Mdomoni alihisi ladha ya ajabu, kama mtu aliyelamba sarafu, lakini hakujali. Karibu na jiko, Loveness alianza kukohoa.

Kikohozi hakikukoma. Mageni alifungua mlango, akatoa jiko nje, akakimbia kurudisha kikaango mahali pake. Aliporudi, mtoto alikuwa ametapika na kifua kilipanda na kushuka kwa shida. Mageni alimbeba mgongoni, akakimbia naye kwenye matope hadi sokoni. Mama aliacha dagaa mezani, wakaenda zahanati.

Nesi Eunice alimpima Loveness malaria, hakuwa nayo. Alisikiliza kifua chake, akakunja uso.

"Kuna moshi nyumbani? Mtoto amevuta kitu chochote?"

"Hapana, nesi," alijibu Mama. "Sisi tunapikia nje."

"Basi inaelekea ni nimonia. Nitampa dawa. Mkafunge dirisha, mmfunike vizuri, kesho asubuhi mapema mnirudishie."

Mageni alisimama ukutani. Alimwona nesi akitia vidonge kwenye bahasha ndogo. Wangerudi kwenye chumba kilekile, wafunge dirisha, walale humo. Akisema, Masudi atajua kwamba ameiba. Mama atajua kwamba jiko liliwashwa ndani. Pengine ni nimonia kweli, alijiambia. Nesi amesoma, yeye ni nani wa kumkosoa? Loveness alivuta pumzi, koo likatoa mluzi mwembamba. Mama alisimama, akamfunga mgongoni.

"Nesi," Mageni alisema. "Jiko lilikuwa ndani. Na mlango nilifunga."

Mama aligeuka. Mageni hakumtazama, maana angemtazama asingemaliza.

"Nilipasha kisu kwenye kikaango cha kuchomea dhahabu. Nilikichukua kwa Masudi bila kumwomba. Loveness alikuwa amekaa karibu."

Nesi aliweka bahasha chini. "Muda gani?"

"Kama saa moja."

"Na wewe, unajisikiaje?"

"Kichwa kinauma."

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Loveness aliwekewa hewa ya oksijeni, gari likaitwa kumpeleka hospitali ya Geita, na Mageni naye akaambiwa apande. Nesi alimpigia simu bwana afya ili chumba kisiingiwe na mtu. Mama hakumpiga Mageni wala hakumgombeza. Alimshika mkono tu, kwa nguvu, njia nzima. Mageni alilia kimyakimya hadi Geita.

Usiku wa pili hali ya Loveness ilikuwa mbaya sana. Siku ya nne aliomba uji. Siku ya saba waliruhusiwa. Maonyesho ya shule yalikuwa yamekwisha, na bwana afya alikuwa ameondoa kikaango kwa Masudi, pamoja na jiko, kisu na mbao zote zilizokuwa chumbani.

Waliporudi zahanati kwa uchunguzi, walimkuta Masudi kwenye benchi. Mageni alipiga magoti mbele yake.

"Shikamoo. Nisamehe, nilichukua kikaango chako."

"Marahaba. Inuka," alisema Masudi. Alinyoosha mikono yake, ikawa inatetemeka. "Miaka sita nachoma. Hii mikono nilidhani ni uchovu. Niliposikia ulichomwambia nesi, ndipo nikaja kupimwa."

Nesi Eunice alikuwa amesimama mlangoni akiwasikia.

"Zebaki haiishi kwa kuchomwa mara moja," alisema. "Hubaki kwenye chombo, na ukikipasha tena unaivuta. Hata mkaa peke yake unaua ndani ya chumba kilichofungwa. Mageni, ulikosea kwa pupa, na ulikosea kuchukua kisicho chako. Lakini mimi nilikuwa nawarudisha kwenye chumba kile. Dawa niliyoifunga haikuwa ya ugonjwa huo. Usingesema, tungekuwa tumemzika mtoto huku tukiilaumu nimonia."

Mama alimvuta Mageni karibu. "Ng'wanone, mwanangu," alisema, "siku nyingine ukikosa, niambie hata kama unaniogopa. Niogope, lakini niambie."