Pipa la Nyuma ya Banda

Kila Jumamosi, baada ya kufua sare zake, Bi Kinyaa alifuatana na mama yake kazini. Jina hilo alipewa na mjomba wake, kwa kuwa msichana huyo wa darasa la sita hakunywa maji kabla ya kuichungulia bilauri kwenye mwanga. Unywele mmoja kwenye chakula ulitosha kumshindisha njaa. Nyumbani walimcheka mpaka wakachoka.

Mama alikuwa rubani. Kampuni iliyomwajiri ilikuwa na ndege moja ndogo ya kuwapeleka mafundi na vipuri kwenye machimbo ya mbali. Kitengo kizima cha ndege kilikuwa na watu watatu: mama, fundi, na mjomba aliyetunza mafuta. Kila asubuhi fundi alikinga mafuta kidogo chini ya bawa kwa chupa ya kioo, akayatazama kama yana maji au taka, kisha akayamwaga kwenye pipa nyuma ya banda. Mafuta yakishaingia pipani, hayakupaswa kurudi tena kwenye ndege.

Mwezi huo meneja alikuwa amekuja juu. Alisema mafuta ya ndege yanaitafuna kampuni, na gharama zisipopungua atakifunga kitengo, kila mtu ashike njia yake. Mama akakosa usingizi. Mjomba, aliyezoea kupiga soga tangu asubuhi, akawa mtu wa kuguna tu. Haukupita muda meneja akamsifu mjomba mbele ya wote, kwamba tangu apewe onyo mafuta yananunuliwa kidogo. Watu walipiga makofi, naye mjomba akakodolea macho viatu vyake.

Jumamosi hiyo ukaguzi ulikuwa umekwisha na abiria walikuwa wakishuka garini. Bi Kinyaa alizunguka nyuma ya banda kutafuta fagio. Uvundo ulimpiga puani kabla hajaona kitu. Mjomba alikuwa ameinamia pipa, akichota kwa kopo na kuchuja kwa fulana kuukuu, mafuta yakiingia kwenye dumu. Juu ya fulana walibaki mende waliovimba, na ute mweusi uliovutika kama kamasi. Pembeni alilala panya aliyeopolewa humo, manyoya yamemnyonyoka. Msichana akaziba mdomo kwa viganja vyote viwili.

"Mjomba, hayo unayapeleka wapi?" aliuliza.

"Kwenye tangi la bawani, mama. Dumu moja nimeshaongeza, hili la pili. Si wewe mwenyewe uliyeniuliza kwa nini tunamwaga mafuta mazima? Nimeyachuja. Ukisema, sote hatuna kazi, na mama yako yumo."

Ni kweli aliwahi kuuliza hivyo, na alijiona mwerevu. Sasa swali lake lilimtia kichefuchefu kuliko hata yule panya. Alimpenda mjomba, ndiye aliyemfundisha baiskeli. Lakini aliwaza mama yake akiwa angani, na ute ule ukielekea kwenye injini.

"Mama hapandi na kamasi hiyo," alisema, akatoka mbio.

Mama alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Alimwagiza fundi akinge mafuta upya. Chini ya chupa maji yalikuwa yamejitenga, na nyuzi nyeusi zikaogelea humo. Fundi akatema mate pembeni. Abiria wakaombwa warudi garini.

Meneja alifika akifoka kwa nini safari imeahirishwa. Mama alimpa chupa ainuse. Meneja akarudi nyuma huku akitafuta kitambaa.

"Hiyo ndiyo akiba tuliyoipigia makofi," mama alisema. "Uchafu huo ukiziba njia ya mafuta, injini inazimika na sisi tuko juu. Ukitaka kupunguza gharama, njoo uone huku."

Akafungua mlango wa nyuma wa ndege. Kulikuwa na viti vibovu vya ofisi, makopo ya rangi iliyokauka na makreti ya soda ya meneja mwenyewe, vyote vikisafirishwa kwenda na kurudi bila kazi. Mama alieleza kuwa kila kilo ya takataka hizo inakula mafuta, tena kule machimboni mafuta yanauzwa bei nafuu kuliko hapa, na ndege ingeweza kujazwa huko.  Meneja aliteremsha makreti yake kwa mikono yake.

Matangi yakamwagwa na kusafishwa. Mjomba alinyang'anywa funguo za mafuta, akapewa brashi, akalisugua pipa lile huku akilia. Miezi ilipopita gharama zikashuka, na kitengo hakikufungwa.

Jioni ya Jumamosi ile, nyumbani, mama alimweka binti yake karibu. "Kubana matumizi ni kuacha usichokihitaji," alimwambia. "Kuwapa watu uchafu na kuuita akiba ni udanganyifu, hata kama hukutia senti mfukoni. Na mtu unayempenda akikutaka unyamazie jambo kama hilo, hapo ndipo useme upesi."

Mjomba aliingia na bilauri ya maji. Hakumpa Bi Kinyaa mara moja. Kwanza aliiinua kwenye taa, akaichungulia mwenyewe, pande zote. Safari hii hakuna aliyecheka.