Sindano ya Shangazi Vika

Kila asubuhi Lesieli na shangazi yake Vika walikaa barazani wakiponda magome ya mti kutengeneza vitambaa vya sherehe. Ukipita njiani ungesikia nyundo zao za mbao kabla hujawaona. Miaka ya nyuma shangazi aliugua ugonjwa wa akili. Sasa alikunywa dawa zake bila kukosa, alichapa kazi, na alikuwa ameposwa na Paula, mwanamume mkulima wa viazi vikuu.

Siku ya kliniki, baba yake Lesieli, Semisi, alimwita binti yake pembeni.

"Mwambie nesi amchome shangazi yako sindano ya kuzuia mimba. Shangazi akiuliza, sema ni ya kuongeza damu."

"Si umwambie mwenyewe, baba?"

"Wee! Kwa mila zetu kaka na dada wazungumze mambo hayo? Huna haya? Haya, nenda."

Semisi hakuwa mtu mbaya. Alimpenda dada yake, na aliogopa asije akaugua tena akiwa na mtoto mchanga. Ila kwa kuona aibu kumuuliza, akamtwika mtoto uongo.

Huko kliniki, Lesieli alipotaja sindano, shangazi alikunja mkono wa blauzi bila kuuliza lolote, kwa kuwa alimwamini Lesieli. Msichana akamgeukia. Akakaza moyo.

"Shangazi, baba ameniagiza uchomwe sindano ya kuzuia mimba. Nikudanganye kuwa ni ya damu. Siwezi."

Shangazi alishusha mkono wa blauzi taratibu. Machozi yalimlengalenga, lakini sauti haikutetemeka.

"Kwenye harusi na misiba mnaniketisha mkeka wa mbele, kwa kuwa dada wa baba ndiye mwenye heshima kuliko wote. Kumbe kwa mwili wangu mwenyewe sina hata pa kukaa?"

"Mimi nisingemchoma," alisema Nesi Alisi. "Mtu mzima anayejielewa hachomwi bila ridhaa yake, sheria haikubali. Kuugua hakumwondolei mtu haki ya kuolewa wala ya kuamua kuzaa. Vika, wewe unataka nini?"

"Nataka kuolewa, na nataka mtoto. Nataka pia kujua kama dawa zangu zitamdhuru."

"Vuta kiti basi, tuzungumze."

Jioni, aliposikia sindano haikuchomwa, Semisi alifoka, "Lesieli! Nilikutuma nini?"

Kabla hajajibu, shangazi alisimama mlangoni. Hakumtazama kaka yake.

"Lesieli, mwambie baba yako daktari atazipitia dawa zangu kwanza, ndipo nipange habari za mtoto. Mwambie najua ananihofia. Na mwambie asirudie tena."

Baba alikuwa hatua mbili tu kutoka hapo. Aliinamisha kichwa.

"Mwambie shangazi yako nimekosa," alisema.

"Mwambie nimesikia, mimi si kiziwi!" shangazi akadakia.

Lesieli akacheka, na baba naye akashindwa kujizuia. Kisha akamshika binti yake bega.

"Umefanya vizuri kunikatalia, mwanangu. Nilidhani namheshimu kwa kunyamaza. Kama nilishindwa kusema naye, ningemtafuta mtu wa kumuuliza, si mtu wa kumdanganya. Mgonjwa au mzima, mwenye mwili ndiye wa kuulizwa kwanza."