Nilimtuma Shemeji Mahali pa Kwenda Mwenyewe

Nina umri wa miaka hamsini na mmoja, na mpaka mwaka juzi nilikuwa nikiwaambia watu kwamba hakuna jambo chini ya jua linaloweza kunishangaza. Shule niliiacha darasa la nne. Nilibeba magunia ya viazi pale soko la Marikiti mpaka shingo ikaota sugu... Leo mapazia ninayoshona mimi yananing'inia katika nyumba za watu ambao zamani wasingenifungulia geti. Hakunishika mkono mtu. Nikajisemea, mtu kama mimi atashangazwa na nini tena?

Nilishangazwa, wasomaji wenzangu. Na mpaka leo nimechoka, si kwa kazi, ila kwa kulifikiria jambo hili moja.

Duka langu liko uchochoroni, nyuma ya Biashara Street. Nilipangishwa na mwenye nyumba, marehemu mume wa Bi Salma, miaka kumi na tisa iliyopita, kwa neno la mdomo na kupeana mkono, kama walivyofanya wazee wa mji huu. Karatasi haikuwapo. Nililikuta ghala la panya. Nikalipaka rangi, nikatia umeme, nikaweka vyerehani vinne, na fundi wangu mkuu akawa Twalibu, ndugu wa mke wangu Mwanaisha. Mtu mzima, miaka arubaini na kitu, mpole, maneno yake machache. Nilimfunza kazi mimi. Hilo nitalisema mpaka kaburini.

Kazini nilikuwa na kanuni moja, na nilijisifu nayo: aliye mbele yangu ndiye wa kwanza. Akiingia mtu na mto wa kochi uliofumuka, naacha mapazia ya nyumba nzima, namshonea mto wake. Simu ikilia napokea. Zilikuwa mbili, hii sikioni, ile mkononi, na pini mdomoni! Watu wakisema huyu bwana ni mashine, nami nikivimba kichwa. Jioni nilikuwa hoi. Nikidhani kuchoka ndiko kufanya kazi... Kumbe mtu anaweza kuchoka siku nzima na asifanye la maana hata moja?

Basi siku moja Bi Salma akanipigia kutoka kwake Kizingo. Mama wa watu alikuwa ameshakuwa mzee, na wanawe walioko Ulaya walikuwa wakimshikilia auze nyumba zote. Yeye hakutaka wapangaji wa mumewe watupwe nje. Alikuwa amemwita wakili wake, na kila mpangaji alitakiwa aende na kitambulisho, aandikiwe mkataba wa miaka ishirini. Siku yenyewe ni Alhamisi, baada ya Alasiri. Mwisho wa mwezi angesafiri kwa mwanawe kwenda kutibiwa, kwa hivyo zilikuwa Alhamisi nne tu.

Akanisisitiza kwamba hataki simu wala barua. Alimtaka mtu mwenyewe, aje aketi, anywe kahawa, aonekane uso.

Nikamwambia inshallah. Kutoka dukani mpaka Kizingo kwa tuktuk ni dakika kumi. Kumi tu!

Alhamisi ya kwanza, nimeshavaa kanzu safi, akaingia mama mmoja na mabinti zake wawili. Walikuwa na harusi, na walitaka kuchagua rangi ya mapazia ya chumba cha bibi harusi. Binti mmoja anataka ya maziwa, mwenziwe anataka ya dhahabu. Wakanikalisha mpaka adhana ya Magharibi, kisha wakaondoka wakasema watarudi. Hawakurudi. Mimi nilikuwa nimemtuma Twalibu Kizingo akaniombee radhi.

Mwanaisha akaniambia usiku ule niende mwenyewe wiki ijayo. Nikamjibu kwamba yeye hajui biashara.

Wiki iliyofuata sikwenda. Ilikuwa mteja na zipu. Zipu! Twalibu akaenda, na alipomkuta Bi Salma analalamikia pazia la sebuleni lililoburura chini, akalipandisha palepale kwa mkono. Aliporudi alinipa habari hiyo nami sikusikia vizuri, nilikuwa nabishana na mtu kwenye simu.

Alhamisi ya tatu nilipanga foleni ya leseni ambayo muda wake ulikuwa bado miezi miwili. Kwa nini siku ile? Sijui... Kwa sababu jirani alikuwa anakwenda, akanipitia.

Ya nne ndiyo iliyoniua. Siku hiyo nilitoka kweli. Tuktuk ilishafika kwenye miti ile mikubwa ya Kizingo, nyumba ya Bi Salma naiona kwa macho, simu ikalia. Mteja mmoja alikuwa amesimama mlangoni pa duka, anataka ringi kumi na mbili za pazia, na ana haraka. Nikamwambia dereva ageuze! Njiani nikampigia Twalibu aende mbio, na nikamtamkia kwa mdomo wangu huu: "Likiwako la kutia sahihi, wewe tia tu. Wewe na mimi ni mamoja."

Ringi nikaziuza. Nikasahau.

Wiki tatu baadaye akaja mkusanya kodi wa Bi Salma, nikamlipa kama kawaida, akanikatia risiti. Nikaisoma pole pole, maana kusoma kwangu ni kwa kupapasa. Jina halikuwa langu. Nikamwambia amekosea. Akatoa daftari lake akanionyesha. Mpangaji wa duka hili, kwa miaka ishirini, ni Twalibu.

Nikageuka, shemeji yangu yuko pale pale kwenye cherehani, anashona.

"Twalibu. Hii ni nini?"

"Ni mkataba, shemeji. Wakili alisema mtu hatii sahihi kwa niaba ya mwenziwe bila barua. Bi Salma akasema basi andika huyu, ndiye anayekuja."

"Na wewe ukanyamaza wiki tatu?"

Akauondoa mguu kwenye cherehani. "Nilikwambia jioni ile ile, yakhe. Ukanambia ningoje kesho, una mteja. Kesho yake nikakwambia tena, ukanipa mto nikushonee."

Nilitaka kumshika koo. Lakini wasomaji, niambieni, uongo wake uko wapi? Hilo ndilo linalonila. Mwizi angenipa raha, ningemwita mwizi.

Nikakimbilia Kizingo, safari hii bila kupokea simu. Askari wa getini akaniambia Bi amekwisha kusafiri. Nikampigia huko huko aliko. Sauti yake ilikuwa ndogo sana.

"Mwanangu, nilikutilia kahawa Alhamisi nne ikapoa. Nikasema huyu ni shemeji yake, nyumba ni moja, watajuana. Kwani hamkujuana?"

Mjini kwetu tumefunzwa tangu utoto kwamba hodi ni tatu, usipojibiwa urudi zako. Yeye alinibishia nne!

Nyumbani kukawa moto. Mwanaisha alilia kati ya mume na ndugu yake, asiweze kula. Mama mkwe akaacha kuja. Twalibu akanipa shauri kwamba tuwe washirika nusu kwa nusu, nikakataa kwa kiburi. Mimi niwe nusu ya fundi wangu? Basi akasema atafungua kwake kwingine, na duka atanihamishia kwa jina langu, ila nimpe kilemba, ile pesa ya kuachiwa nafasi, kama mtu yeyote anayeingia duka la mjini. Nilicheka. Kumbe hakuwa anafanya mzaha.

"Kwa mgeni ni laki tano," akaniambia. "Wewe umemuoa dada yangu, nakupunguzia."

Wasomaji wenzangu, jambo dogo lina makelele. Linasimama mlangoni, linapiga simu, linasema lina haraka. Jambo kubwa lina adabu, linakungoja kimya likikutilia kahawa, kisha linaondoka bila kugombana nawe. Mimi siku hizi sifungui mlango asubuhi kabla sijajiuliza, lipi leo nikiliacha halishoneki tena? Hilo naliendea mwenyewe, kwa miguu yangu, simu zote nimezizima. Mito ya makochi ingoje. Na nawaomba, msijifunze kwa njia niliyojifunzia. Akikwambia mtu mzima njoo wewe, basi nenda wewe!

Gari langu la kubebea vitambaa nimeliuza. Kilemba nimemlipa shemeji yangu, ili niingie katika duka ambalo sikupata kutoka, laki nne na arubaini na tano elfu. Wakili wa kubadilisha jina, elfu kumi na nane na mia tano. Jumla yake ni shilingi laki nne, sitini na tatu elfu, na mia tano.