Shangazi Yangu wa Maabara

Katika kisiwa kizima cha Mombasa hakuna mtu wa maana asiyekuwa jamaa yangu. Ndivyo nilivyomwambia Nanjala tulipokuwa tukifagia darasa. Nikaongeza kwamba Daktari Joy Mapenzi, mtafiti wa mbu mwenye maabara hapa Ganjoni, ni shangazi yangu hasa.

Nanjala aliacha kufagia. Mwalimu alikuwa ametangaza kwamba daktari huyo angemchukua mwanafunzi mmoja wa shule yetu, amlee katika kazi ya utafiti kila Jumamosi. Nanjala aliitaka nafasi hiyo mpaka usingizi ukampaa. Lakini baba yake ni fundi wa reli aliyetoka bara, na kwao hakuna aliyewahi kukanyaga maabara. Alidhani, kama tudhanivyo wengi hapa, kwamba bila jamaa wa kukutaja huingii popote.

"Basi nipeleke, Chonga," alisema. "Unitaje."

Ningekataaje? Jumamosi tulifika maabara. Katika chumba cha wageni alikaa mama mmoja mwenye leso begani. Nikamwamkia, nikampa mkoba wangu anishikie. Naye, kama ilivyo desturi, akaniuliza mimi ni mtoto wa nani.

"Wa kaka yake Daktari Mapenzi," nikajibu.

"Ajabu," alisema. "Daktari Mapenzi ni mimi, na sina kaka."

Miguu iliniwasha kukimbia. Nanjala alikwisha kushika kitasa cha mlango, machozi yakimlenga. Kisha akageuka.

"Samahani, Daktari. Mimi sijulikani na mtu hapa. Ila nina swali."

Akaeleza kwamba pipa lao la maji hulimwaga kila wiki na kulifunika, lakini viluwiluwi vya mbu havikomi. Daktari akauliza kama hulisugua. Nanjala akasema hapana, hulimwaga tu. Basi daktari akampeleka kwenye hadubini, akamwonyesha mayai ya mbu yanavyoganda ukutani mwa chombo hata kikikauka. Walizungumza muda mrefu. Mimi nilikuwa nikikaa, nikisimama, nikivunja vidole, hakuna aliyenitazama.

Walipomaliza, daktari alisema nafasi ni ya Nanjala.

"Hata mimi, nilipotoka Kaloleni, sikuwa na wa kunitaja," alisema. "Mtafiti nisiyemjua alinifundisha, kisha akanijulisha kwa wenzake. Nami nitakujulisha kwa wenzangu, na siku moja nawe utamjulisha mwingine. Huo ndio ujamaa wetu." Halafu akanigeukia. "Nawe, kumsaidia mwenzio ni jambo jema. Lakini hapa kazi yetu ni kusema kilichopo. Tukisema uongo, mgonjwa ndiye anayeumia. Siku ukiwa na swali la kweli, njoo."

Jumatatu wenzetu walitaka habari. Nikawaambia nilimtambua daktari tangu mlangoni, na yale ya ujamaa yalikuwa mzaha wa kumtia Nanjala moyo. Walikuwa wameanza kuniamini.

"Ulimtambua," alisema Nanjala, akiendelea kuchonga penseli yake, "ndipo ukampa mkoba wako akushikie, ukamwambia asiuchezee?"